Siasa ilimgharimu Bayi, ya leo inamgharimu nani?

Mhariri,

Tangu "Goli la Mama" lianze Februari 2023, Rais Samia akitoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, hoja ya vijiweni ni ileile: siasa itoke michezoni. Mimi ni mtu wa riadha, kizazi cha redio ya mbao, na hoja hiyo hainiingii. Itoke iende wapi?

Wa umri wangu hawajasahau. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alichomoka bastola ilipolia na hakupitwa tena mpaka mita 1500 zikaisha: dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake mwenyeji, John Walker, ambaye naye alikuwa ameipita rekodi ya zamani. Kila mpenda mbio akawa anahesabu siku za Olimpiki ya Montreal 1976, wawili hao warudiane.

Hawakurudiana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa Makaburu mwezi uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi. Afrika ikataka New Zealand iondolewe Montreal. Ikajibiwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ikagoma, na nchi nyingi za bara hili zikagoma. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, mbio ya polepole mno kwa watu waliokimbia Christchurch. Bayi alikuwa nyumbani.

Bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ila aliyeulipia ni Bayi, kwa miguu yake.

Februari 1980 Wamarekani nao walitaka tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan, wakamtuma Muhammad Ali Dar es Salaam. Waandishi wakamuuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, akakiri kwamba hakuwa akizijua habari hizo. Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye. Jirani zetu Kenya waligoma mara zote mbili, na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972, akakosa zote. Sisi tulikwenda: Bayi akapata medali ya fedha mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha mita 5000. Mpaka leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki.

Siasa ninayoiona sasa hufika uwanjani timu ikishafuzu. Inavaa jezi, inapiga picha, inaahidi viwanja. Sina ugomvi na milioni 5 za goli, wachezaji wamezitolea jasho. Nauliza tu, mkimbiaji aliyeko kambini Mbulu asubuhi hii, ambaye bado hajashinda chochote, nani anamlisha?

Msomaji wenu,
Arusha