Tusimsimulie Steve nusunusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua nitoe dukuduku langu.

Tangu Stephanie Shirley afariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91, kisa chake kimezunguka sana kwenye simu zetu. Nimekipokea katika makundi matatu, likiwamo la michango ya harusi. Na kila mara kinaishia palepale: mwanamke wa Kiingereza mwenye kampuni ya kutunga programu za kompyuta anaandika barua za kuomba kazi, hajibiwi. Mumewe anamshauri asaini "Steve". Anasaini hivyo, majibu yanaanza kuja. Watu wanacheka, wanaweka dole gumba, tunarudi kwenye michango.

Kisa ni cha kweli, sikipingi. Ila jina lilimbishia hodi tu. Aliyoyafanya baada ya kukaribishwa ndiyo yananihusu mimi ninayeishi kwa kazi hiyohiyo, na hayo hakuna anayenitumia.

Nianze mbali kidogo. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa hakimu, Myahudi. Mwaka 1939, Vera akiwa na miaka 5, alipandishwa treni pamoja na dada yake wa miaka 9 na watoto wengine wakimbizi hadi Uingereza, akalelewa na watu asiowajua. Shule ya wasichana aliyosoma haikuwa na somo la hisabati, ikabidi akalisome kwenye ya wavulana. Alipofika miaka 18 akapata kazi katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London, huku jioni akienda darasani, miaka sita mfululizo, mpaka akapata digrii ya hisabati. Ni pale alipojifunza kuandika programu, kompyuta za nchi nzima zikiwa bado za kuhesabika.

Mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake nyumbani kwa mtaji wa pauni 6. Walimcheka, kwanza kwa kuwa ni mwanamke, pili kwa kutaka kuuza programu. Enzi hizo programu ilikuja bure na mashine, kama mfuniko na sufuria. Nani anunue mfuniko peke yake?

Wafanyakazi aliwatoa wapi? Aliwaita wanawake waliokuwa wameacha kazi za kompyuta walipoolewa au kujifungua. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3.

Sasa hapa ndipo ningependa wasomaji wako wakae kidogo. Mtu atauliza, walifanyaje kazi nyumbani wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima? Jibu ni penseli. Mama alikaa kwenye meza ya chakula, akachora hatua za kazi, akaandika maagizo mstari kwa mstari kwenye karatasi maalumu, akazikagua kwa jicho, akazitia katika bahasha na kuzituma kwa posta. Kwingine zikatobolewa kwenye kadi na kuingizwa katika mashine. Kosa la herufi moja lilikupotezea siku, kwa hiyo ulikagua kweli. Programu za kisanduku cheusi, yaani kifaa cha kurekodi mwenendo wa safari, cha ndege ya Concorde, ile iliyoruka kwa kasi kuliko mwendo wa sauti, ziliandikwa na wanawake wa kampuni hiyo wakiwa majumbani mwao. Nikikwama kwenye kazi yangu huwa nawafikiria: upande huu karatasi za Concorde, upande wa pili uji wa mtoto.

Shirley mwenyewe alipopokea simu za wateja alikuwa akiwasha kanda aliyorekodi sauti ya mashine ya taipu, ili asikike yuko ofisini na kilio cha mwanawe kisisikike. Huo ujanja mimi nauona mtamu kuliko wa jina. Lakini uliobeba kampuni ni wa tatu, na hauchekeshi: bei. Aliwapa wateja bei moja ya kazi nzima, jambo ambalo wengi walikuwa hawajalianza. Mteja akishakubali bei ya programu iliyokamilika, hana sababu ya kuuliza nani ameiandika, saa ngapi, akiwa amevaa nini.

Sisemi ilikuwa raha. Kibarua ni kibarua, na nyumbani kwake kulikuwa na mtihani mzito: mwanawe wa pekee, Giles, aliyezaliwa 1963, alikuwa na usonji (autism) mkali na alipoteza hata maneno machache aliyokuwa ameshayajua. Mama huyo asingeweza kukaa ofisini saa tisa kwa siku hata angetaka. Baadaye aliwapa wafanyakazi hisa, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kazini, na mwanamke aliyefungiwa milango yote akalazimishwa na sheria hiyo kuwafungulia wanaume. Aliifuata.

Mimi naandika programu mwaka wa 11 sasa. Naishi Kigamboni. Nilipotoka likizo ya uzazi ya mtoto wa pili, niliomba kwa mwajiri wangu wa wakati ule nifanyie kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa sababu foleni ya pantoni ilikuwa inakula saa ambazo ningemnyonyesha mwanangu. Akaniuliza, "Nitajuaje kama unafanya kazi?" Swali zuri. Nilitazama kiti cha jirani yangu, ambacho kilivaa koti kutwa huku mwenye koti akiwa kijiweni kwenye kahawa. Yeye alijulikana kuwa kazini. Nikaondoka baada ya miezi mitatu, na programu niliyoiacha nasikia bado inatumika.

Nina ombi moja, Mhariri. Mtume mwandishi wako azungukie kampuni za programu hapa Dar es Salaam. Asiwaulize wana wanawake wangapi, maana hilo wana picha zake tayari ukutani. Awaulize wanajuaje kama mtu amefanya kazi. Majibu yao uyachapishe kama yalivyo.

Wako msomaji,
Mama wa wawili,
Kigamboni