Submariner au Seamaster? Naomba ushauri wenu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mikindani. Mimi ni fundi wa kusuka mota na jenereta hapa Mtwara, na kabla ya hapo nilikuwa baharia, chumba cha mashine, kwa miaka 19. Kitinda mimba wangu amemaliza chuo, ada zimekwisha, na kuna fedha niliyoiweka kidogo kidogo tangu enzi za meli kwa jambo moja: saa nzuri ya mkononi nitakayoivaa maisha yangu yote, kisha aichukue mwanangu. Nyumba ninayo, mikorosho ninayo. Fedha hii ni ya saa.

Zimebaki mbili: Rolex Submariner yenye tarehe, ya milimita 41, na Omega Seamaster Diver 300M ya milimita 42. Zote za chuma, zote zinahimili maji hadi mita 300, zote zinajijaza zenyewe mkono unapotembea, na zote zina dhamana ya miaka mitano. Nilizijaribu Dubai. Omega ningeweza kuondoka nayo siku ileile. Submariner, ambayo bei yake iko juu sana, niliambiwa niandikishe jina nisubiri, na hakuna aliyenitajia mwezi wala mwaka.

Niwaeleze kwa nini sijalala vizuri. Saa yangu ya kwanza ya maana niliinunua nikiwa melini, na iliniponyoka kwa njia mbili.

Kwanza ni sumaku. Ndani ya saa ya aina hii kuna utepe mwembamba kama unywele, umejiviringisha. Ukishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana na saa huanza kukimbia. Mimi mikono yangu inashinda kwenye mota. Ramadhani moja nilishika tende mkononi, saa inaniambia jua limekwishazama, na adhana haijasikika. Mke wangu akanizuia. Saa ilikuwa imetangulia dakika saba.

Hapo ndipo Omega inaponivuta. Mashine yake, namba 8800, inahimili sumaku ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na saa yenyewe hupimwa na taasisi ya vipimo ya Uswisi, METAS. Rolex nao utepe wao umetengenezwa kwa madini yasiyodhurika na sumaku. Swali langu ni kama hiyo inamtosha mtu anayeinamia jenereta kutwa.

Njia ya pili ni maji. Kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Jumatatu moja saa ilikuwa imesimama, nikakifungua, nikaweka majira, sikukikaza hadi mwisho. Jumapili iliyofuata nikaogelea nayo Msimbati. Nilipotoka, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na tone moja limekaa juu ya namba sita likitikisika kila nilipogeuza mkono. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akairudisha bila mpira wake wa kuzuia maji. Chumvi ikamaliza iliyobaki.

Sasa angalieni hesabu hii. Msimu wa korosho mimi huivua saa yangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni nikaenda shamba, kwa sababu utomvu wa ganda la korosho unaunguza. Naivaa tena Jumatatu saa moja asubuhi. Ni saa 61. Seamaster ikijaa inatembea saa 55 bila kuvaliwa, kwa hiyo nitaikuta imesimama, na kifundo nitakifungua kila Jumatatu. Submariner inakaa saa 70. Haitasimama, na kifundo sitakigusa.

Halafu kuna macho. Submariner ina lenzi juu ya tarehe inayoikuza mara mbili na nusu, na kwa umri wangu naisoma bila miwani. Tarehe ya Seamaster iko chini kwenye namba sita, ndogo. Lakini uso wake umechorwa mawimbi, na nilipoushika karibu na dirisha la duka niliona bahari ya Mikindani asubuhi kabla ya upepo. Hilo sijaweza kulisahau.

Shemeji yangu anasema chukua Rolex, bei yake haishuki. Sinunui ili niuze. Mama watoto anasema chukua ile ambayo hutaogopa kuingia nayo majini.

Kwa hiyo nawaomba, hasa mafundi wa umeme na mabaharia mnaovaa mojawapo: je, Submariner imewahi kukimbia kwa sababu ya sumaku ya kazini? Mwenye Seamaster, kifundo kinachofunguliwa kila wiki kinazuia maji miaka mingapi kabla ya kubadilisha mipira? Na ninyi wa mikoani, ikifika wakati wa kuifungua saa, mnampa nani, na mnahakikishaje imepimwa maji kabla hamjarudishiwa? Mpwa wangu anasafiri kwenda Dubai kabla korosho hazijaanza kudondoka, na fedha nitamkabidhi yeye.

Fundi wa mota,
Mikindani, Mtwara