Sauti kunyamaza si kupona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kujitenga na watu, hapa Mbeya na mikoa ya jirani, pamoja na wahudumu wa kliniki za afya ya akili. Kwenye makundi ya WhatsApp ya huku kwetu linazunguka tangazo la dawa ya kupuliza puani, eti "homoni ya upendo", inayomrudisha mgonjwa kwa watu. Jirani yangu mmoja alitaka kuuza magunia yake ya viazi amnunulie mwanawe, tena amwachishe vidonge. Nimemzuia, na ninawaomba wengine nao wasiinunue.

Homoni yenyewe inaitwa oksitosini. Sisi wakunga tunaijua vizuri. Mama akishajifungua tunamchoma yuniti 10 kwenye paja ili kizazi kijikaze na damu isimwagike. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliitengeneza maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Ampuli zake tulizitunza kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, maana joto linaipunguzia nguvu. Sasa kichupa kilichosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Nane Nane kitakuwa kimebaki na nini ndani?

Hata hivyo tangazo hilo halikuzuka hewani. Oksitosini hutengenezwa ndani ya ubongo na ina kazi hukohuko: inasaidia mama kushikamana na mwanawe, na inahusika katika namna tunavyosoma sura ya mwenzetu na kumwamini. Mgonjwa wa skizofrenia mara nyingi hulemewa na mambo hayohayo, ndiyo maana watafiti wakajaribu kumpulizia puani. Mwaka 2010 kundi la mtafiti David Feifel huko San Diego, Marekani, lilichapisha jaribio dogo ambalo wagonjwa walipata nafuu. Wengi tulifurahi. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana: mengine yaliona nafuu kidogo, mengine hayakuona tofauti yoyote na kichupa kisicho na dawa ndani, kinachotumiwa kulinganishia. Mpaka leo haijaidhinishwa kuwa tiba ya ugonjwa huu. Na jambo ambalo tangazo halisemi ni kwamba wagonjwa wa San Diego waliendelea kutumia dawa zao za kawaida muda wote. Tena wapo watafiti wanaoona kwamba homoni hii humfanya mtu azipe uzito zaidi ishara za watu wengine, ziwe nzuri au mbaya. Kwa mtu ambaye tayari anahisi anawindwa, hilo si jambo la kujaribia nyumbani.

Kwa nini basi nasema utafiti huo una faida kwetu? Kwa sababu unatukumbusha kwamba kujitenga kwa mgonjwa ni ugonjwa, umo mwilini kama zilivyo sauti anazosikia. Huku kwetu tunakuita kiburi, uvivu, au kurogwa.

Mdogo wangu anaugua tangu akiwa kidato cha sita. Mwaka jana tulikuwa msibani Tukuyu, akakaa nyuma ya jiko, mgongo kwa watu. Wajomba wakasema ana dharau. Shangazi alimfuata hukohuko, akamsalimu "Ugonile" huku anatabasamu, naye akaupokea mkono akiangalia chini. Usiku akaniuliza, "Dada, shangazi amenikasirikia nini?" Lile tabasamu alikuwa ameliona kabisa. Alilisoma kuwa hasira.

Dawa tulizonazo, kuanzia kloropromazini iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952 hadi haloperidoli na sindano ya mwezi, huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Zinanyamazisha sauti, na kwa hilo nazishukuru kwa moyo wote. Asiache mtu yeyote dawa kwa kusoma barua hii. Ila kwa kujitenga zinasaidia kidogo sana. Baadhi yake pia hupandisha homoni nyingine, prolaktini, hata binti akakosa hedhi au akatoka maziwa bila mimba, na kijana wa kiume akaota matiti. Wanaona aibu kusema, wanaacha dawa kimyakimya, na sisi tunashangaa ugonjwa umerudije.

Kuna na la maji. Baadhi ya wagonjwa hunywa maji kopo juu ya kopo hadi chumvi ya damu inashuka, wanaweza hata kuanguka na kukakamaa. Vasopresini, homoni ya ukoo mmoja na oksitosini, ndiyo inayoziambia figo zibakize maji, na kwa baadhi ya wagonjwa hao mpango huo huwa umevurugika. Ukiona mgonjwa wako hatoki kwenye ndoo, usimchape wala usimcheke. Mpeleke hospitali.

Nyumbani nako tuna sehemu yetu. Huko London, mtafiti George Brown na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1950 na 1960 kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na makaripio hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Mdogo wangu tukimwita sebuleni kwenye wageni haji. Tukienda naye shambani, kila mtu na tuta lake, baada ya saa moja anaanza kuongea nasi bila kuombwa.

Kwenye kliniki tunayokwenda, swali huwa moja: "Sauti bado unazisikia?" Akijibu hapana, anachomwa sindano, tunaondoka. Naomba kliniki zetu za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ziongeze machache. Anakula na nani? Mara ya mwisho alimtembelea nani? Hedhi ikoje, matiti yakoje, maji anakunywa kiasi gani? Na yaulizwe faraghani, ndugu akiwa nje, kisha majibu yaandikwe kwenye faili ili daktari wa mwezi ujao ayakute.

Mkunga mstaafu,
Uyole, Mbeya