Barua ya malalamiko: Programu yenu imemuua Liyongo

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

14 Mei 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Wauzaji wa Programu za Kompyuta za Kale,
Nairobi.

Kwa Bwana au Bibi,

MINT: PROGRAMU YENU YA KUTUNZA MICHEZO ILIYOHIFADHIWA YA COMMODORE 64

Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza mliijibu kwa mistari miwili. Ya pili mliijibu kwa kuniambia kwamba diski yangu ni kuukuu, na kwamba hewa ya chumvi ya pwani huzila diski. Hewa ya chumvi naijua, nimezaliwa ndani yake. Imeshanilia baiskeli mbili na antena ya televisheni. Diski hii haikuila. Iliyoila ni programu yenu, na safari hii nitawaonyesha kwa hesabu.

Kompyuta yetu, hiyo Commodore 64, ililetwa na ami yangu, baharia, kutoka Hamburg mwaka 1987, pamoja na draivu yake ya 1541, yaani kifaa cha kusoma na kuandika diski, nzito kama jiwe la kuegesha lori. Tulikuwa watoto wanne nyumbani. Kila likizo ya shule tulicheza mchezo mmoja wa safari, ule wa kuunda kikosi cha watu sita na kuwashusha mapangoni. Kiongozi tulimwita Liyongo. Aliyebeba chakula alikuwa Saada, kama ilivyo katika hadithi. Wanne waliobaki walipewa majina ya utani tuliyokuwa tukiitana sisi wenyewe, na hayo hayafai kuandikwa kwenye barua rasmi. Mara ya mwisho kukihifadhi kikosi ilikuwa 1993. Kaka yetu mkubwa alipopata kazi Muscat, nilibandika kibandiko kwenye pengo la diski ili isiweze kuandikwa tena, na pale kikakaa zaidi ya miaka thelathini.

Kaka anarudi Agosti. Nilitaka akifika akikute kikosi kiko tayari. Shida ni kwamba nina diski arubaini na mbili, nusu yake hazina maandishi, na sijui kilichohifadhiwa kiko wapi. Ndipo nikaona tangazo lenu: programu ya kuorodhesha, kunakili na kupanga michezo iliyohifadhiwa, menyu yote kwa Kiswahili. Nikatuma shilingi 2,500 kwa M-Pesa, diski ikaja kwa basi, nikaichukua Mwembe Tayari jioni ile ile iliyofika.

Niseme haki: menyu ni nzuri. Herufi zinasomeka hata kwenye televisheni yangu chakavu. Kwa kuwa jina la faili kwenye mashine hii haliwezi kuzidi herufi 16, mmempa mtumiaji nafasi ya kuandika maelezo marefu kando, na hilo ni wazo zuri sana. Ila maelezo hayo lazima yaandikwe mahali, na mahali penyewe mlipopachagua ni kwenye diski ya mteja.

Nilipoiingiza diski ya mchezo, programu ilikataa. Ikatoa kosa la 26, kisha ikaniambia kwa Kiswahili sanifu kabisa: "Tafadhali bandua kibandiko." Nilitaka kutazama orodha tu. Kutazama orodha kunahitaji ruhusa ya kuandika kwa nini? Nilisita. Lakini mimi si mtu wa pupa, na kitabu chenu kinasema kwamba kabla ya lolote mtu abonyeze F1 apate "nakala kamili". Nikaitoa nakala kwenye diski tupu. Skrini ikasema nakala imekamilika. Nikabandua kibandiko, nikabonyeza F7, "Safisha na Panga". Draivu ikanguruma kwa muda, taa ikazima, orodha ikatokea, safi kama msahafu mpya.

Nilipouanzisha mchezo, ukaniambia kikosi kina watu wawili. Saada alikuwepo, na yule wa jina la mdogo wangu. Liyongo hayupo. Watatu wengine wamegeuka visanduku vya alama zisizosomeka.

Nikaichukua nakala ya F1. Humo hakukuwa na mtu hata mmoja.

Sasa hesabu. Diski ya 1541 ina treki 35, yaani njia za duara, zilizogawanywa vipande 683 viitwavyo sekta. Treki ya 18 ni ya saraka, yaani orodha ya faili, kwa hiyo diski tupu humwonyesha mtumiaji bloku 664, kila bloku ikiwa sekta moja. Hii ni namba ambayo kila aliyewahi kuishika mashine hii anaijua kama anavyojua namba ya nyumba yake. Katika daftari langu la shule la 1993 niliandika orodha nzima ya diski ile, faili kwa faili, kwa kalamu ya risasi. Faili zote pamoja ni bloku 621. Zilizobaki wazi ni 31. Jumla ni 652. Kumi na mbili hazionekani.

Hizo kumi na mbili ndizo kikosi, sekta mbili kwa kila mtu. Mchezo haukuwaweka kwenye faili. Uliwaandika moja kwa moja kwenye treki ya 17, ukazitia sekta hizo alama ya kwamba zimeshikwa, bila kuandika jina lolote kwenye saraka. Michezo kadhaa ya zama zile ilifanya hivyo.

F1 yenu inanakili faili zilizomo kwenye saraka tu. Ndiyo maana kwenye nakala "kamili" kuna bloku 621 za faili na 43 ziko wazi. Na F7 yenu, kabla ya kupanga chochote, inaituma amri ya VALIDATE, ya kuhakiki nafasi za diski, bila kumwambia mtu. Amri hiyo huifuata saraka, faili moja baada ya nyingine, na sekta yoyote isiyokuwa na mwenyewe huiandika kuwa iko wazi. Hata hapo kikosi kilikuwa bado hai, kwa maana VALIDATE haifuti yaliyomo; inaondoa alama tu. Mngeishia hapo ningewaokoa wote sita. Lakini hapo hapo programu yenu ikaandika faili lake la maelezo, bloku 5. Draivu hii inapotafuta pa kuweka faili huanza jirani na saraka, na treki ya 17 ndiyo jirani wa mlango wa pili. Na kwa kuwa haijazi sekta kwa mfuatano bali huruka kumi kumi, sekta tano zilitosha kuwagusa watu wanne.

Leo diski ina faili zangu 621, faili lenu 5, na 38 ziko wazi. Jumlisheni. Ni 664 kamili. Hakuna hata moja iliyopotea isiyojulikana ilipo.

Kuhusu chumvi: sekta ikioza, draivu hushindwa kuisoma, hutoa kosa, na taa yake huwaka na kuzima mpaka mtu aone. Nimezisoma sekta zote 21 za treki ya 17, moja moja, hazikutoa kosa lolote. Ndani ya zile tano nimekuta maelezo ya programu yenu, tena kwa Kiswahili sanifu. Nimeambatisha picha. Kama chumvi ya Mombasa inajua kuandika "Orodha ya Michezo" kwa herufi kubwa, basi nitaomba radhi.

Sisi wa zamani tuna adabu zetu na draivu hii. Hatutumii alama ya @ kuandika faili jipya juu ya la zamani, kwa sababu 1541 ina hitilafu hapo na watu wamelia. Wala haturushi VALIDATE kwenye diski ya mchezo tusiyoijua. Anayeuza programu kwa pesa alipaswa kuyajua haya kabla yangu. Na hata asingeyajua, kujumlisha ni hesabu ya darasa la tatu: faili na nafasi wazi zisipofika 664, kuna kitu kimefichwa, simama, muulize mwenye diski.

Liyongo wa hadithi ilibidi atumwe mwanawe mwenyewe, amchome kitovuni kwa sindano ya shaba. Wangu kafa kwa kubonyezwa F7.

Mmenipa toleo jipya bure. Sina haja nalo, kwa kuwa nimelijaribu kwenye diski tupu niliyoitengenezea sekta za kuficha, nalo likafanya vile vile. Ninachotaka ni shilingi 2,500 zangu kwa namba ile ile ya M-Pesa niliyolipia. Ninataka pia neno "kamili" liondoke kwenye F1 mpaka inakili sekta zote 683, na F7 isiguse diski kabla ya kumweleza mtu itakachofanya. Kuorodhesha kusihitaji kubandua kibandiko. Mtu mwingine huko Malindi au Tanga huenda wakati huu anakikwangua cha kwake kwa ukucha.

Kaka anafika tarehe 9 Agosti. Naomba jibu lenu lije kabla ya hapo, kwa sababu atakapoiwasha mashine atauliza Liyongo yuko wapi, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa naye.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu wa Kibokoni

Viambatisho: picha za sekta 5 za treki ya 17, ukurasa wa daftari la 1993, ujumbe wa malipo.