Redio ya taifa ije sokoni Mpondwe, na ije na Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni VHT, yaani wa timu ya afya ya kijiji, huku Bwera, Kasese, Uganda, ile kazi ya kujitolea ya kupita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto na kusindikiza wagonjwa kituo cha afya. Naomba nafasi niseme kuhusu redio yetu ya taifa, UBC, na mafundisho ya afya.

Huku mpakani watu wanasikiliza redio kuliko wanavyosoma bango. Fundi baiskeli anayo, mama muuza samaki anayo ndani ya simu, vijana wa boda wako nayo stejini wakingoja abiria. Na siku ya soko la Mpondwe watu wanavuka kutoka Kongo kwa maelfu, wa Beni, wa Butembo, madereva wa malori, askari wetu, na pale kama si Lhukonzo basi ni Kiswahili, hakuna anayekuuliza bei ya nyanya kwa Kiingereza! Sasa tangazo la ugonjwa likija Kiingereza, hao wote limewapita.

Mnakumbuka Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 alivuka na familia yake kutoka Kongo, babu yao alikuwa ameugua na kufa huko, mtoto akapelekwa hospitali ya Kagando, tarehe 11 ikathibitishwa ni Ebola. Akafa yeye, bibi yake, na mdogo wake wa miaka 3. Ng'ambo ugonjwa uleule uliendelea mpaka Juni 2020 na uliua watu zaidi ya 2,200.

Siku zile mimi sikuulizwa dalili, dalili zilikuwa zimebandikwa kila ukuta. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, mwanangu, mimi nikifa wewe hutaniosha? Mwingine akasema hiyo dawa wanayonyunyiza nyumbani kwa marehemu ndiyo inayoua watu. Hayo huwezi kumjibu mtu kwa bango, unakaa naye, unamweleza kwamba maiti ya Ebola ina virusi vingi kuliko hata mgonjwa mwenyewe na ndiyo maana wanaozika wanavaa vile, kisha unamwacha aulize tena. Redio inaweza kufanya hivyo ikiamua kusikiliza kwanza.

Ndiyo naomba watangazaji waje sokoni na nesi, warekodi maswali ya watu kwa sauti zao wenyewe, yajibiwe kwa Kiswahili na Lhukonzo, na yarushwe jioni watu wakishatoka shambani, si saa nne asubuhi tukiwa na majembe mkononi.

Kuna mtu atasema redio binafsi zipo nyingi. Zipo na zinasaidia, lakini zinaishi kwa kuuza muda, mradi ukiisha na kipindi cha afya kinaisha, halafu saa ileile inanunuliwa na mtu wa mitishamba anayeahidi kuponya kisukari na presha kwa chupa moja, na nimeshaona mzee ameacha vidonge vyake vya presha kwa sababu ya hayo maneno, inaniuma sana. UBC ni ya umma, sheria yake ni ya 2005, mwaka uleule katiba ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hivyo viwili vikutane basi.

Juzi tu mama kaniuliza kuhusu chanjo ya malaria iliyozinduliwa Apac Aprili 2025, kwa nini sindano tatu ni miezi 6, 7 na 8 halafu ya nne wanangoja mpaka miezi 18, au wamesahau? Nikamweleza kinga hupungua na hiyo ya nne inaipandisha tena. Alifurahi, lakini huyo ni mmoja, na miguu yangu inafika nyumba chache tu kwa siku.

Wakija nitawaonyesha mahali pa kuegesha gari, si mbali na soko, na kivuli kipo.

VHT, Bwera