Famasi binafsi ziingizwe kwenye bima ya afya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie bei ya dawa huku Newala. Dawa za presha na kisukari ni za kila siku, lakini mkulima wa korosho anapata fedha kwa msimu, minada inapofunguliwa Oktoba. Ikifika Juni mfukoni hakuna kitu. Mama yangu mkubwa huingia famasi na cheti cha dawa za mwezi mzima, akatoka na karatasi moja ya vidonge kumi. Vikiisha anakaa bila dawa mpaka mtu amtumie hela kwa simu.

Simlaumu mwenye famasi. Analipa pango, mshahara wa mfamasia na ada za vibali, na dawa ikipita muda wake hasara ni yake. Wapo wanaotukopesha kabisa, Mungu awabariki. Ila nawaomba watuambie wazi kama dawa ileile ipo ya kampuni nyingine kwa bei nafuu. Wengi wetu tunang'ang'ania boksi la bei kubwa tukidhani jingine ni feki.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa ikitolewa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, imetusaidia sana. Tatizo ni pale unapoambiwa kwenye dirisha la dawa hospitalini, "Hii hatuna, kanunue nje." Huko nje ni fedha taslimu.

Serikali, katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iingie mkataba na famasi hizi ndogo za wilayani, na izilipe kwa wakati.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara