Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mtambo wa Dizeli ya Gesi, Ada na Mahudhurio

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wetu wa Ujiji, wenye maboti, wenye mashine za kusaga, mafundi, akina mama wa mawese: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha Desemba. Wanachama wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu, na rambirambi ya shilingi 150,000 imefika kwa kila familia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulisafisha ufukwe wa Kibirizi mara mbili. Jaketi 40 za kuokolea zilinunuliwa na kugawiwa. Mafunzo ya kusafisha nozeli, vile vipulizia vya dizeli kwenye injini, yalifanyika Julai na mafundi 11 walihudhuria. Shauri la maboti mawili yaliyogongana usiku limekwisha kwa kupatana, na mimi ndiye niliyekaa na pande zote mbili mpaka saa nane za usiku, ingawa hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Fedha. Tuko wanachama 86, ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo tulitarajia 5,160,000. Zimeingia 2,310,000. Waliomaliza ni 31, waliolipa nusu ni 15, na 40 hawajatoa hata senti. Mfuko wa injini ulianza mwaka na 21,400,000, zikatoka 1,385,000, zimebaki 20,015,000. Mhazini ana vitabu, anayetaka kuvikagua afike kwake baada ya mkutano. Hizo 1,385,000 ndizo zimezungumzwa vijiweni kuliko fedha nyingine yoyote katika historia ya chama hiki, basi nizifikie.

Februari alikuja mgeni na begi, kijitabu cha picha na chupa moja ya plastiki. Ndani ya chupa kulikuwa na kimiminika cheupe kama maji ya kunywa, hakina harufu ya kuudhi. Akasema hiyo ni dizeli iliyotengenezwa kwa gesi, haina salfa, haitoi moshi, nozeli zitadumu. Anao mtambo wa kukaa ndani ya kontena moja, tuweke malipo ya awali ya shilingi 18,000,000 kabla ya Juni, na ndani ya miezi minane tutajaza maboti yetu wenyewe hapa hapa Kibirizi.

Siwalaumu waliosisimka. Nani hapa hajafungua filta akakuta matope? Sisi ni mwisho wa reli. Mafuta yakitufikia yamekwisha pita mikono mingi, na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunajikuta kundi la wanaobeba bei kubwa. Wazee wanakumbuka enzi za kuchakachua, dizeli inachanganywa na mafuta ya taa mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 na baadaye kupandisha kodi ya mafuta ya taa. Mimi mwenyewe nilibadilisha injekta pampu mara mbili mwaka mmoja. Mtu aliyeumwa hivyo akionyeshwa dizeli nyeupe, moyo unadunda.

Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi milioni tano yaamuliwe na mkutano wenye nusu ya wanachama, yaani watu 43. Niliitisha mkutano tarehe 22 Machi, wakaja 19, nikaambiwa ni mwezi wa funga. Sawa. Nikaitisha tarehe 12 Aprili, nikichagua mbalamwezi makusudi kwa kuwa wavuvi wako nchi kavu na hakuna dagaa wa kubeba. Wakaja 23. Tarehe 3 Mei wakaja 17, na kati yao watatu walikuja kuulizia jaketi. Sasa mniambie ninyi: mgeni anataka jibu, mkutano haupo, mfuko una milioni ishirini na moja. Mwenyekiti afanye nini?

Nilichofanya ni kwenda kuuliza. Niliondoka tarehe 9 Juni kwa basi mpaka Dodoma, kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa treni ya umeme. Ndiyo, nilipanda treni ya umeme kwa fedha ya chama. Ni mwendo wa saa chache na kiti chake ni kizuri, sikukataa. Nauli ya kwenda na kurudi 236,000, malazi 300,000, posho ya siku sita 420,000 kwa kiwango mlichokipitisha ninyi wenyewe mwaka 2022, kupima ile chupa maabara 280,000, usafiri wa mjini na simu 149,000. Stakabadhi ya malazi haipo, nyumba ile ya wageni haitoi stakabadhi. Nimekwisha kulisema hili mara nne na nalisema ya tano.

Mhandisi aliyenipokea alinisikiliza bila kunicheka, tena alianza kwa kumtetea mgeni wetu. Akasema jambo lenyewe ni kweli kabisa na ni la zamani. Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, ndio waliolianzisha miaka ya 1920 katika mji wa Mülheim, wakitumia makaa ya mawe kwa sababu kwao mafuta hayakuwepo. Gesi asilia inavunjwa kwa mvuke na oksijeni kwenye joto kali, inakuwa mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mchanganyiko huo unapitishwa juu ya chuma au kobalti kwenye joto la nyuzi mia mbili na zaidi, na vipande vidogo vinaanza kushikana mkia kwa mkia mpaka vinakuwa nta kama ya mshumaa. Nta hiyo inakatwakatwa, unapata dizeli, mafuta ya taa na mengineyo. Salfa inaondolewa mwanzoni kabisa kwa sababu inaua ile kobalti. Ndiyo maana dizeli yake ni safi: usafi ni sharti la mtambo wenyewe, mteja hajafikiriwa bado.

Kwa hiyo wanaosema mwenyekiti haamini sayansi wananionea. Naamini. Nilichokuja kukiogopa ni hesabu.

Pipa moja la mafuta hayo, lita 159, linakula kama futi za ujazo 10,000 za gesi, karibu mita za ujazo 280. Maboti yetu 31 yakitumia lita 40 kila moja kwa siku ni lita 1,240, mapipa manane kasoro kidogo. Tunahitaji mita za ujazo 2,200 za gesi kila siku ya Mungu. Inatoka wapi? Mgeni kwanza alisema ziwani, kama wanavyofanya Rwanda. Rwanda wanavuta methani kutoka chini ya Ziwa Kivu, kweli, na mtambo wao wa megawati 26 unafanya kazi, lakini wanaichoma kupata umeme, hawatengenezi dizeli. Tena Kivu si Tanganyika. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, sisi tunaolipita kila usiku hatuna hata kamba ya kufika huko.

Nilipombana kwa simu akahamia kwenye samadi na makapi ya chikichi. Haya, mafundi wa bayogesi wanakadiria ng'ombe mmoja wa zizini kutoa kama mita moja ya ujazo kwa siku, na methani ndani yake ni kama asilimia 60. Piga hesabu. Ng'ombe elfu tatu na mia saba hivi, wamefungwa zizini, wanalishwa, mavi yanazolewa kila asubuhi, ili sisi tupate dizeli ya maboti 31. Mwanachama mwenye ng'ombe wengi humu ndani ana 14.

Gesi ya nchi yetu ipo, tena nyingi. Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la Mtwara mpaka Dar es Salaam lilikamilika 2015, na kwa jumla zinatajwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi zikiwa chini ya bahari kuu. Yote iko pwani. Kutoka pwani mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,250 za reli.

Katibu wetu wa zamani, ambaye alijiuzulu Agosti na namtakia heri, aliandika barua kwamba nimewakatisha tamaa wakati duniani mitambo hii imejaa. Imejaa wapi? Ile kubwa unaihesabu kwa vidole. Pearl ya Qatar, ya Shell, inatoa mapipa 140,000 kwa siku, na ujenzi wake ulimeza karibu dola bilioni 19. Escravos ya Nigeria ilianza 2014, mapipa kama 33,000, kwa gharama iliyopanda mara kadhaa kuliko ilivyopangwa mwanzo mpaka ikafika karibu dola bilioni 10. Hawa ni watu waliokaa juu ya gesi yenyewe. Bintulu, Malaysia, walianza 1993, mwishoni mwa 1997 sehemu ya kutenganisha hewa ikalipuka, na uchunguzi ukataja vumbi la moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua mwaka ule. Walirudi kazini mwaka 2000. Moshi wa misitu, ndugu zangu! Na sisi huku Agosti milima yote inawaka.

Mfano ulionikaa zaidi ni Mossel Bay, Afrika Kusini. Mtambo mkubwa wa serikali, ulianza 1992 ukitegemea gesi ya baharini pale jirani. Gesi ikapungua mwaka hadi mwaka, ikafika 2020 mtambo ukazima. Wao walikuwa na gesi ikaisha. Sisi tulitaka kuanza na mtambo halafu ndiyo tutafute gesi.

Ni kweli, kama barua ya Katibu inavyosema, kwamba midogo nayo imejaribiwa. Kule Oklahoma, Marekani, waliweka mmoja pembeni ya dampo la taka, ukaanza kutoa mafuta 2017. Barua haikuendelea kusema kwamba 2018 ulisimama.

Sasa ile chupa. Maabara walinijibu baada ya siku tatu: salfa imo. Mhandisi alikuwa ameniambia kabla, nikikuta salfa basi hiyo haikutoka kwenye mtambo wa gesi. Cheupe ndani ya chupa kinaweza kuwa vitu vingi, mafuta ya taa yakiwemo. Simwiti mgeni tapeli kwa sababu sikumshika mkono na mimi si hakimu. Nasema tu kwamba nilimpigia kumweleza matokeo, akasema nimebeba chupa siyo, na tangu Septemba namba yake haipatikani.

Tarehe 20 Juni niliandika barua ya kukataa, kwa saini yangu peke yangu. Wanaosema nilivunja katiba waisome tena. Katiba inazuia kutumia milioni tano bila mkutano, haizuii kutokutumia. Nakiri kwamba safari ingetakiwa kupita kwenye kamati kwanza, na kamati niliijulisha nikiwa tayari Dodoma. Hilo nalikubali. Lakini mtu aliyelinda milioni kumi na nane kwa milioni moja na laki tatu na themanini na tano, akirudi nyumbani anakutana na wimbo wa posho! Hata chai hakuna aliyenikaribisha.

Wapo wanachama tisa ambao, bila kupitia chama, walimpa mgeni shilingi 200,000 kila mmoja za kushika nafasi. Wameomba mfuko wa injini uwafidie. Nawapa pole, wengine ni jirani zangu na mmoja ni shemeji yangu, lakini jibu langu ni hapana, na nyumbani nimekwisha lilipia. Mfuko ni wa watu 86. Mkutano ukiamua vinginevyo nitatii, ila uamuzi huo nao unahitaji watu 43, na nikiwatazama hapa mbele yangu naona 27.

Hapo narudi kwenye mahudhurio. Mwanachama akipata ajali ziwani saa saba za usiku anajua namba yangu. Harusi anajua. Mkutano wa saa nne asubuhi hajui, simu ina chaji kidogo, boti lina abiria wa Kalya. Wanaolalamika zaidi kuhusu safari yangu ni walewale 40 wasio na ada, nimelinganisha orodha mwenyewe. Kamati itafikiria kuweka faini, au kuhesabu mahudhurio kabla ya mtu kukopeshwa, tutaona.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata tenki la kutunzia dizeli ili tuinunue kwa pamoja na kuiacha itulie kabla ya kuitumia. Ukubwa wake bado haujajulikana wala mahali pa kuliweka. Tunaomba pia wahusika wasitusahau huku mwisho wa reli pale mipango ya kusambaza gesi itakapovuka pwani. Mafunzo ya nozeli yanaweza kurudiwa endapo ada zitaingia. Uchaguzi wa katibu mpya utafanyika akidi ikitimia.

Jambo la mwisho: mashine ya chama ya kupimia nozeli iko kwa mwanachama mmoja wa Ilagala tangu Julai. Anajijua. Airudishe kwa mhazini kabla ya tarehe 10 Januari, pamoja na mpini wake.

Mwenyekiti,
Kibirizi, Kigoma